Skrini Iliyogoma Kutoka 800×600: Kisa cha Ubuntu Ndani ya VirtualBox

Laptopu ya Windows 10, RAM GB 8, kioo cha 1366×768, VirtualBox 7.0 (programu inayoendesha kompyuta pepe ndani ya kompyuta halisi). Ndani yake mashine pepe iliyopewa jina Darasa: Ubuntu 22.04.4, RAM MB 4096, prosesa 2, kidhibiti cha grafiki VMSVGA, kumbukumbu ya video MB 16. Ubuntu inawaka, intaneti ipo, mazoezi ya terminali yanakwenda. Kilichogoma ni picha. Imeganda kwenye pikseli 800 kwa 600. Ukivuta kona ya dirisha likapanuka, picha inabaki ilivyo katikati, pembeni patupu. Ukienda skrini nzima kwa Host+F (Host ni Ctrl ya kulia, kama hujaibadilisha), hali ni ile ile. Na kwenye menyu ya View, maneno Auto-resize Guest Display yamefifia, hayabofyeki.

Ndani ya Ubuntu, ukifungua Settings kisha Displays, orodha ya ukubwa ipo. Unaweza kuchagua 1024×768 na picha ikabadilika kweli. Lakini 1366×768 haimo. Inayokaribia ni 1360×768. Hilo peke yake ni ushahidi mzuri, nasi tutalirudia: mfumo mgeni, yaani Ubuntu iliyo ndani, unajua kubadili ukubwa, ila haujui ukubwa wa dirisha uliomo.

Adha nyingine ilianza mapema, wakati wa kusakinisha. Kwenye 800×600, madirisha ya kisakinishi cha Ubuntu ni marefu kuliko skrini, kitufe cha Continue kinazama chini kusikofikika. Wengi huishia hapo wakidhani faili la ISO ni bovu. Dawa ya muda ni kushika kitufe cha Super (chenye nembo ya Windows) na kuburuta dirisha popote lilipo kwa kipanya, au kubonyeza Alt+F7 kisha kulisogeza kwa mishale. Kitufe kitaonekana, usakinishaji utaisha, na suala la rezolusheni litasubiri zamu yake.

Yaliyojaribiwa kwanza, na kwa nini yaligonga mwamba

Kabla ya tiba, mashine hii ilikuwa imepitia majaribio manne ambayo karibu kila mtu huanza nayo.

La kwanza ni kuongeza kumbukumbu ya video kutoka MB 16 hadi 128. Ushauri huu umekuwa Panadol ya mashine pepe: maumivu yoyote, meza. Hesabu yenyewe haiuungi mkono. Kila pikseli inachukua baiti 4. Skrini ya 1366×768 inahitaji baiti 4,196,352, yaani MB 4 hivi. Hata 1920×1080 inahitaji baiti 8,294,400, chini ya MB 8. Kwa skrini moja ya kawaida, MB 16 zinatosha. Kumbukumbu inakuwa kikwazo cha kweli pale unapotaka 3840×2160, inayokula karibu MB 32, au skrini pepe mbili kwa pamoja. Mbili za 1920×1080 zinafika baiti 16,588,800, na MB 16 ni baiti 16,777,216: zinaingia kwa kubana pumzi, na hakuna kinachobaki kwa kazi nyingine. Hapo MB 64 au 128 zina maana. Katika kisa hiki hazikuwa na maana yoyote, na picha haikusogea.

La pili ni kuhariri faili la `/etc/default/grub`, kuweka `GRUB_GFXMODE=1366x768`, kisha `sudo update-grub`. Mstari huo unaiamuru menyu ya GRUB, ile ya kuchagua kerneli (kiini cha mfumo) wakati wa kuwaka. Draiva ya video ya kerneli ikishapakiwa, inapanga skrini upya kwa akili yake, na matakwa ya GRUB yanaishia njiani.

La tatu ni xrandr, amri ya kubadili ukubwa wa skrini kwenye Linux. Amri zilizonakiliwa zilikuwa hizi:

```
cvt 1366 768
xrandr --newmode ...
xrandr --addmode VGA-1 ...
```

Zilishindwa kwa sababu tatu tofauti, na ni vyema kuzitenganisha. Mosi, jina VGA-1 halikuwapo kwenye mashine hii. Kwenye VMSVGA jina huwa Virtual-1 au Virtual1, kutegemea draiva ya Xorg, na njia ya kulijua ni kuandika `xrandr` tupu na kusoma. Pili, `cvt 1366 768` haitoi 1366. Inatoa 1368×768, kwa kuwa fomula ya CVT hutaka upana unaogawanyika kwa 8, na 1366 haigawanyiki. Tatu, na hili ndilo kubwa, Ubuntu 22.04 kwa kawaida inaingia kwenye kikao cha Wayland, mfumo mpya wa kuchora skrini uliochukua nafasi ya Xorg (X11). Ndani ya Wayland, xrandr inaongea na kivuli tu: inaonyesha skrini yenye jina kama XWAYLAND0, na ukubwa unaouongeza pale haubadilishi kitu. Hakikisha kwanza:

```
echo $XDG_SESSION_TYPE
```

Jibu likiwa `wayland`, achana na xrandr. Likiwa `x11`, xrandr itafanya kazi, ila itasahau kila kitu ukitoka kwenye kikao, na haitafuata dirisha likipanuliwa. Hata ikifaulu, ni kiraka.

La nne lilikuwa kubonyeza Host+C. Picha ilijaa dirisha lote mara moja, shangwe ikapigwa, kisha ikagundulika herufi zimevimba na zina ukungu. Hiyo ni Scaled Mode. Mfumo mgeni bado unachora pikseli 800 kwa 600, na VirtualBox inazinyoosha zijae nafasi. Ubaya wake wa pili ni kwamba inaficha menyu na kuzima ufuataji wa dirisha, kwa hiyo mtu akiiacha imewashwa, hata tiba sahihi ikifanyika baadaye ataona haijafanya kazi. Kumbuka kwamba kwenye kisa hiki iliachwa imewashwa.

Habari ya ukubwa inapita wapi

Kwenye kompyuta halisi, kioo hujieleza chenyewe kwa kadi ya video: mimi ni 1366 kwa 768. Mashine pepe haina kioo. Ina dirisha, na dirisha hubadilika kila linapovutwa. Kwa hiyo lazima kuwe na wapeleka habari. Dirisha la VirtualBox kwenye mfumo mwenyeji, yaani Windows, linatangaza ukubwa wake kwa kadi pepe. Ndani ya mfumo mgeni, moduli ya kerneli iitwayo vboxguest inafungua mlango wa mawasiliano na VirtualBox. Programu za Guest Additions (nyongeza za VirtualBox zinazosakinishwa ndani ya mgeni), VBoxClient na mwenzake VBoxDRMClient, zinachukua tangazo kupitia mlango huo na kumkabidhi draiva wa skrini. Kwenye VMSVGA draiva huyo ni vmwgfx, ambaye anakuja na kerneli yenyewe, kwa kuwa VMSVGA inaiga kadi pepe ya VMware. Mwisho, GNOME, yaani deskitopu ya Ubuntu, inapata habari kwamba skrini imebadilika na kupanga madirisha upya.

Sasa tazama dalili zetu kwa jicho hilo. Kuchagua 1024×768 kwa mkono kulifanya kazi, kwa hiyo vmwgfx ni mzima na GNOME ni nzima. Auto-resize imefifia, na VirtualBox huififisha pale ambapo hakuna mtu ndani ya mgeni aliyejitambulisha kwamba anaweza kupokea ukubwa mpya. Kilichokatika ni katikati: Guest Additions. Tumefika hapo bila kuandika amri hata moja, na ndiyo maana ni afadhali kukaa na dalili dakika tano kuliko kunakili amri kumi.

Kuthibitisha kunaanzia upande wa mwenyeji. Kwenye Windows, fungua Command Prompt:

```
cd "C:\Program Files\Oracle\VirtualBox"
VBoxManage showvminfo Darasa | findstr /i "vram graphics"
VBoxManage guestproperty get Darasa /VirtualBox/GuestAdd/Version
VBoxManage controlvm Darasa setvideomodehint 1280 720 32
```

Amri ya kwanza baada ya `cd` ilithibitisha VMSVGA. Mashine ya Linux ikionyesha VBoxVGA au VBoxSVGA, mara nyingi imeingizwa kutoka faili la .ova la zamani lililozungushwa kwa flashi. Izime kabisa, badilisha kwenye Settings > Display > Graphics Controller, kisha iwashe. (VBoxSVGA ina mahali pake: ndiyo inayopendekezwa kwa mgeni wa Windows 7 na kuendelea.) Amri ya pili ilijibu `No value set!`, yaani hakuna Guest Additions iliyowahi kujitambulisha tangu mashine iwashwe.

Ya tatu ndiyo yenye thamani kuliko zote, na haitajwi inavyostahili. `setvideomodehint` inatuma tangazo la ukubwa moja kwa moja, bila kutegemea dirisha. Mgeni akibadilika kuwa 1280×720, mfumo mzima wa ndani ni salama na tatizo liko kwenye dirisha: Auto-resize imezimwa, au Scaled Mode imewashwa. Asipobadilika, tatizo liko ndani ya mgeni. Hapa hakubadilika.

Ndani ya Ubuntu:

```
lsmod | grep -E 'vbox|vmwgfx'
ps -e | grep -i vbox
systemctl --failed
modinfo -n vboxguest
```

`lsmod` ilionyesha vmwgfx, kama ilivyotarajiwa. `ps` haikuonyesha VBoxDRMClient wala VBoxClient. `systemctl --failed` ilitaja vboxadd.service. Hiyo ya mwisho ilikuwa habari mpya, kwa kuwa huduma ya vboxadd haiwezi kuwapo bila mtu kuwahi kuendesha kisakinishi cha Guest Additions. Kumbe ziliwekwa, zikaishia nusu.

Amri ya `modinfo -n` inahitaji neno. Kerneli za Ubuntu huja na vboxguest yao wenyewe, na jina hilo likionekana kwenye `lsmod` mtu hudhani kazi imekwisha. Njia ya faili ndiyo inayosema ukweli. Moduli iliyoundwa na kisakinishi cha Oracle hukaa kwenye saraka ya `misc` ndani ya `/lib/modules/` ya kerneli hiyo. Iliyokuja na Ubuntu hukaa chini ya `kernel/drivers/virt/vboxguest`. Katika kisa hiki njia ilikuwa ya pili. Kisakinishi hakikuunda chochote.

Kilichokatika

Kisakinishi huandika kila kitu kwenye `/var/log/vboxadd-setup.log`. Watu wengi huona mstari mmoja kwenye terminali unaosema tazama faili hilo, kisha hawalitazami. Ndani yake palikuwa na onyo kwamba kikompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa moduli) kilichopo si kile kilichojenga kerneli, na chini yake:

```
/bin/sh: 1: gcc-12: not found
```

Basi. Skrini nzima ya kompyuta ilikwama kwa sababu ya pakiti moja. Ubuntu 22.04 ilitoka na kerneli 5.15, iliyojengwa kwa kikompaila cha gcc toleo la 11, na `build-essential` ya toleo hilo inaweka gcc 11. Lakini 22.04.4, ya Februari 2024, inakuja na kerneli 6.5 kutoka mkondo wa HWE (kerneli mpya zaidi kwa ajili ya vifaa vipya), na hiyo ilijengwa kwa gcc 12. Makefile za kerneli zinaita `gcc-12` kwa jina lake. Mtu aliyefuata maelekezo ya zamani neno kwa neno, akaweka build-essential na vichwa vya kerneli (kernel headers, faili zinazohitajika kujengea moduli), amefanya yote sahihi na bado anashindwa. Hii pia ndiyo sababu mashine mbili za Ubuntu 22.04 zilizokaa meza moja zinaweza kutofautiana: iliyosakinishwa kwa ISO ya mwaka 2022 inaweza kuwa bado kwenye mkondo tofauti wa kerneli. Andika `uname -r` kwenye zote mbili kabla ya kulaumu VirtualBox.

Faili hilo la kumbukumbu likisema mengine, tiba nayo ni nyingine. `Kernel headers not found for target kernel` maana yake vichwa vya kerneli havipo. Ujumbe unaotaja gcc, make na perl maana yake vifaa vya kujengea havipo kabisa. `Key was rejected by service` maana yake moduli imejengwa vizuri ila Secure Boot imeikataa kwa kukosa saini. Hakikisha kwa `mokutil --sb-state`, na kwa mashine ya kujifunzia njia fupi ni kuizima mashine na kuondoa alama ya Secure Boot kwenye Settings > System. Na ukiona makosa marefu ya msimbo wa C, yanayotaja majina ya faili za .c na namba za mistari, hapo Guest Additions zako ni za zamani kuliko kerneli, haziijui. Usihangaike ndani ya Ubuntu. Sasisha VirtualBox kwenye Windows, kisha weka Additions zilizokuja na toleo hilo jipya.

Tiba

Ndani ya Ubuntu:

```
sudo apt update
sudo apt install build-essential gcc-12 perl
sudo apt install linux-headers-$(uname -r) linux-headers-generic-hwe-22.04
```

Mstari wa mwisho una vitu viwili kwa makusudi. `linux-headers-$(uname -r)` inaleta vichwa vya kerneli inayotumika leo tu. Kerneli ikisasishwa mwezi ujao, vichwa vipya havitakuja, ujenzi utashindwa, na skrini itarudi 800×600 bila maelezo. Pakiti ya `linux-headers-generic-hwe-22.04` ndiyo inayofuatana na kerneli kila inaposonga. (Kwa aliye kwenye 5.15, ni `linux-headers-generic`.) Huduma ya vboxadd hujaribu kuunda moduli upya yenyewe mashine inapowaka na kerneli mpya, mradi ikute vichwa na kikompaila mahali pake.

Guest Additions zenyewe hazihitaji kupakuliwa. Faili la VBoxGuestAdditions.iso tayari limo kwenye saraka ya VirtualBox katika Windows, kwa hiyo usichome bando kulitafuta. Kwenye menyu ya mashine bofya Devices > Insert Guest Additions CD image, kisha kwenye terminali:

```
cd /media/$USER/VBox_GAs_*
sudo ./VBoxLinuxAdditions.run
```

Kama ilivyokuwa hapa, ziliposhawekwa nusu, inatosha pia:

```
sudo /sbin/rcvboxadd setup
```

Ikimaliza, usiamini ukimya wake. Soma tena mwisho wa faili la kumbukumbu kwa `tail -n 20 /var/log/vboxadd-setup.log`, kisha washa mashine upya. Baada ya hapo `modinfo -n vboxguest` ilionyesha njia yenye `misc`, `ps` ilionyesha VBoxDRMClient, na upande wa Windows `guestproperty get` ilitoa namba ya toleo.

Kuna njia ya pili isiyohitaji kujenga chochote: `sudo apt install virtualbox-guest-utils virtualbox-guest-x11`, pakiti za Ubuntu wenyewe zinazotumia moduli zilizokuja na kerneli. Ni njia nzuri kwa mwenye haraka. Kasoro yake ni kwamba toleo lake kwenye 22.04 ni la mfululizo wa 6.1, wakati mwenyeji ni 7.0, mara nyingi hupatana, lakini likitokea jambo la ajabu hutajua umlaumu nani. Lisilofaa kabisa ni kuweka zote mbili. Ukihamia njia ya Ubuntu, ondoa kwanza za Oracle:

```
sudo /opt/VBoxGuestAdditions-*/uninstall.sh
```

Kwa maoni yetu, kwa maabara ya wanafunzi ambapo VirtualBox ya mwenyeji inasasishwa na watu wengine, pakiti za Ubuntu zina usumbufu mdogo zaidi. Kwa mashine ya mtu mmoja anayedhibiti pande zote mbili, za Oracle ni bora.

Bado ukungu

Mashine iliwaka upya, na picha ilijaa dirisha. Ila herufi bado zilikuwa na ukungu, na dirisha likivutwa picha ilinyooka badala ya kupangwa upya. Hapa ndipo mtu huanza kufuta kila kitu alichokijenga. Kabla hujafuta, rudia kipimo kile cha `setvideomodehint`. Safari hii mgeni alibadilika papo hapo, jambo lililoonyesha kwamba ndani ni salama na lawama ni ya dirisha. Host+C mara moja, Scaled Mode ikazimika, menyu ikarudi, na Auto-resize Guest Display ikawa inabofyeka. Kwa laptopu isiyo na Ctrl ya kulia, na ziko nyingi, badilisha kitufe cha Host kwenye File > Preferences > Input, sehemu ya Virtual Machine.

Baada ya hapo Ubuntu iliripoti ukubwa kama 1366 kwa mia sita na kitu. Hiyo si hitilafu. Dirisha lina kichwa, menyu na mstari wa hali chini, na Windows ina upau wake. Kinachobaki ndicho anachopewa mgeni, hata kiwe na namba isiyo ya kawaida. 1366×768 kamili inapatikana ukiingia skrini nzima kwa Host+F.

Kwenye laptopu yenye kioo cha 1920×1080 kuna ukungu mwingine usiohusiana na Additions. Windows huweka ukuzaji wa asilimia 125 kwenye vioo vidogo vyenye pikseli nyingi, na VirtualBox inaweza kuufuata kwa kunyoosha picha ya mgeni. Nenda View > Virtual Screen 1 uchague Scale to 100%. Herufi zikiwa ndogo mno, zikuze ndani ya Ubuntu kwenyewe, Settings > Accessibility > Large Text, ambako zinachorwa upya badala ya kunyooshwa.

Ikitokea kinyume, yaani ukubwa unagoma kuvuka kiwango fulani ingawa kila kitu ni salama, angalia File > Preferences > Display, Maximum Guest Screen Size. Mtu akiwahi kuweka kikomo pale, kinabana mashine zote. Kwa amri:

```
VBoxManage setextradata global GUI/MaxGuestResolution any
```

Na skrini ikiwa nyeusi tupu baada ya kubadili kidhibiti au kuwasha 3D Acceleration, zima mashine, ondoa alama ya 3D, jaribu tena. Bado nyeusi? Bonyeza Host+F3, ambayo inatuma Ctrl+Alt+F3 kwa mgeni na kukufikisha kwenye terminali tupu. Ingia kwa jina na neno la siri, na `rcvboxadd setup` inafanya kazi humo bila picha yoyote.

Kwa wasiotumia VirtualBox

Mkondo wa habari ni ule ule, majina tu yanabadilika. Kwenye VMware, anayepeleka ukubwa ni pakiti ya `open-vm-tools-desktop`. Waliosahau neno la mwisho, `desktop`, hupata kila kitu isipokuwa skrini. Kwenye virt-manager na QEMU ni `spice-vdagent` ndani ya mgeni, pamoja na kuchagua View > Scale Display > Auto resize VM with window. Hyper-V ni ya tabia yake: kwa mgeni wa Linux anayetumia draiva ya hyperv_fb, kwenye kikao cha kawaida ukubwa hupangwa wakati wa kuwaka, kwa kuongeza `video=hyperv_fb:1366x768` kwenye GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, `sudo update-grub`, na kuwasha upya. Huko, tofauti na kisa chetu, kugusa faili la grub ndiyo njia yenyewe.

Mgeni akiwa Windows, fungua Device Manager, tazama Display adapters. Ukikuta Microsoft Basic Display Adapter, draiva ya Additions haijawekwa, endesha VBoxWindowsAdditions.exe kutoka kwenye CD ile ile na uwashe upya.

Kerneli inayofuata

Jaribio la mwisho kwenye Darasa lilikuwa kuisasisha kwa `sudo apt full-upgrade` na kuiwasha upya kwa kerneli mpya, makusudi, wakati tatizo lilikuwa bado mbichi na amri zikiwa mezani. Uwashaji wa kwanza ulichukua muda zaidi ya kawaida kwa kuwa vboxadd ilikuwa inajenga moduli. Usiizime mashine katikati ukidhani imeganda. Likifika deskitopu, hakiki kwa mistari miwili:

```
uname -r
modinfo -n vboxguest
```

Namba ya kerneli kwenye jibu la kwanza iwe ile ile iliyo ndani ya njia ya faili kwenye la pili, na njia hiyo iwe na `misc`. Ikikosa, rudi kwenye `/var/log/vboxadd-setup.log` kabla ya kugusa kitu kingine. Jina la kikompaila kinachodaiwa, kikiwa kimebadilika tena, litakuwa limeandikwa mle.